Mlinzi wa Mlango wa Bi Adeline

Ni mwezi Machi, saa moja asubuhi, na Lorna Michano amesimama kwenye kibaraza cha nyumba ya mbao, mkono uko juu ya kitasa, na hafungui. Anasikiliza. Maji ya theluji yanadondoka kutoka paani, na huo ndio mlio pekee. Halafu ndani mtu anakohoa, kikohozi kirefu cha kizee, na Lorna anashusha pumzi.

“Kakohoa,” anasema. “Basi leo bado tunaye.”

Anakung’uta viatu na kuingia. Anachochea jiko la kuni, anachemsha chai, anapasha moto samaki mweupe wa jana. Kisha anamsogelea bibi kizee aliyejikunja kwenye kiti karibu na dirisha na kumwamkia kwa sauti ya chini sana. Bi Adeline Nabigon, mwenye miaka themanini na saba, anaangalia mlango kwanza, anaangalia dirisha, ndipo anajibu, naye kwa kunong’ona.

“Funga vizuri,” anasema kwa Kiojibwe. “Watasikia.”

Hakuna wa kusikia. Nyumba ya jirani iko ng’ambo ya barabara, na jirani mwenyewe ni mpwa wa bibi, mtu mpole asiyeweza kumfukuza hata paka. Lakini Lorna anarudi na kuufunga mlango kwa komeo, kwa sababu usipofungwa Bi Adeline hatasema neno lolote mpaka jioni.

Hapa Ghuba ya Mierezi, kaskazini mwa Ziwa Superior, wazee wanaokijua Kiojibwe, lugha ya wenyeji wa asili, tangu utotoni wamebaki watatu. Mmoja amekuwa kiziwi. Wa pili amelazwa hospitalini Thunder Bay, na watoto wake wameshaanza kugombana kuhusu mazishi. Wa tatu ndiye huyu anayeogopa mlango.

Lorna, mwenye miaka arobaini na minane, ni mhudumu wa wazee majumbani. Anawaogesha, anawapikia, anawapasulia kuni. Ofisi ya afya ya jamii inamlipa dola ishirini na moja kwa saa, na wakati wa baridi kali nusu ya pesa hiyo inaishia kwenye mafuta ya gari. Amemhudumia Bi Adeline miaka kumi na mmoja, na lugha yake yote ameipata humo, kati ya ndoo na jiko.

“Mama yangu alikijua, lakini hakuniachia hata salamu,” anasema. “Nikimuuliza neno ananipiga kofi la mdomo, kisha analia yeye. Alikuwa anaogopa. Nimekua kwenye nyumba ya watu wanaoogopa, na sikujua wanaogopa nini.”

Bi Adeline, kabla ya kuugua, hakuwa hivyo. Alikuwa mtu wa maneno, mcheshi, tena mwenye ulimi mkali. Lorna akikosea kutamka, bibi alikuwa akiita majirani waje kusikia. “Njooni! Msichana huyu kaniambia amepika kinyesi cha kulungu!” Lorna alikuwa akitamani sakafu immeze, na kesho yake anakuja tena.

Kitu kimoja tu bibi hakukitoa. Ni hadithi ndefu ya majira ya baridi aliyopewa na bibi yake mzaa mama, hadithi inayosimuliwa mchana kutwa, na hakuna mwingine aliyebaki nayo. Hadithi za aina hiyo haziguswi ardhi ikiwa wazi. Lazima theluji iwepo; anayezisimulia au kuziomba kiangazi, wazee husema, vyura huingia kitandani kwake. Wala haziingizwi kwenye mashine. Walikuja watu wa chuo na vinasa sauti vyao vizuri, bibi akawapa chai, akawapa mkate, akawatania kuhusu viatu vyao, akawaaga.

“Kila mwaka aliniambia mwakani,” Lorna anasema. “Masikio yako mabichi, anasema. Utanikatiza uulize maana yake kwa Kiingereza. Halafu mwaka jana, majani yanaanguka, akaniambia mwenyewe: theluji ikishika, niletee tumbaku ya kuiombea hadithi. Nilirudi nyumbani nikicheza muziki garini kama mwehu.”

Theluji ilishika Novemba. Mwanzoni mwa Desemba, kabla Lorna hajajipanga, kiharusi kikampiga bibi akiwa anavaa soksi.

Alirudi kutoka hospitali baada ya mwaka mpya. Mkono ulikuwa umepona karibu wote. Aliyerudi ndiye hakuwa yule. Kiingereza kilikuwa kimefutika, na umri nao ulikuwa umerudi nyuma mpaka miaka saba, mpaka bweni la shule ya watawa alikopelekwa kwa lori pamoja na wenzake, ambako kusema lugha ya nyumbani kulikuwa ni kosa la kuchapwa. Alimwita Lorna kwa jina la Bernadette, rafiki yake wa kitanda cha jirani. Alificha mkate chini ya mto. Hatua za mtu yeyote barazani zilimfanya ashike mdomo kwa mikono miwili.

Na hapo, Lorna anakiri, alifanya kosa ambalo mgeni asingeweza kulifanya.

Alipeleka tumbaku. Aliifunga kwenye kitambaa chekundu kama inavyotakiwa, akaiweka kwenye kiganja cha bibi, akasema ombi lake: nipe ile hadithi. Vidole vya bibi vikafumba vyenyewe, vikaipokea. Kisha uso ukamwisha damu.

“Umeitoa wapi hii?” alinong’ona. “Bernadette, una wazimu? Wakitukuta nayo watatuua!” Akaisukumiza ndani ya soksi, akajifunika blanketi mpaka kichwani.

Tumbaku ikishapokewa hairudi. Aliyeipokea amefungwa na ombi, awe mzima au mgonjwa, na hakuna anayeweza kumfungua. Bi Adeline alikuwa amesahau jina la mumewe, lakini hilo hakulisahau. Ikapita karibu wiki hajasema neno, anaishika tu ile soksi.

“Nilimtwika mtoto wa miaka saba mzigo,” Lorna anasema, na machozi yanamlengalenga. “Mimi, niliyelipwa kumtunza.”

Machi ikaingia na mvua. Ziwa likaanza kuunguruma chini ya barafu. Kila asubuhi Lorna alipima theluji kwa macho, uani, njiani, juu ya mapaa, na kila asubuhi ilikuwa imepungua. Akawa halali vizuri. Akaota barabara kavu.

Dorian, kijana anayefundisha shule ya awali ya kijiji, ambako watoto wanasemeshwa Kiojibwe tu, alimfuata dukani.

“Shangazi, tuweke simu chini ya kiti. Irekodi yenyewe. Hatajua.”

“Rudia tena.”

“Nasema tu, kuliko kupoteza kila—”

“Bibi kizee anajificha, anaogopa kusikilizwa, na wewe unataka kumsikiliza kwa siri. Ndivyo walivyomfanyia wale watawa, Dorian. Ndivyo hivyo hivyo!” Watu wa dukani waligeuka. Lorna alikuwa akijikaripia na yeye, kwa sababu wazo hilo hilo lilikuwa limeshamjia yeye mwenyewe, tena zaidi ya mara moja.

Wakakubaliana jambo jingine. Dorian angewaleta watoto wamsalimie. Pengine sauti za watoto zingemrudisha.

Walikuja watano, mashavu mekundu kwa baridi, makoti yanaburura. Mlango ulipofunguliwa wakapaza sauti kwa pamoja, kama walivyozoezwa: “Boozhoo, Nokomis!” Hujambo, bibi!

Bi Adeline aliruka kitini. “Nyamazeni! Nyamazeni, nyie! Fungeni mlango!” Macho yalimtoka. Aliwakusanya kwa mikono yake miwili, akawasukuma pembeni, nyuma ya jiko, akasimama mbele yao anahema. Mtoto mmoja akaanza kulia. Dorian akamtazama Lorna. Lorna alijua, alisema baadaye, kwamba amemaliza kila kitu. Bibi atafunga mdomo leo na hataufungua tena.

Lakini bibi alikuwa akiwaangalia watoto. Aliwahesabu kwa kidole. Aliinama polepole, akaingiza mkono kwenye soksi na kutoa kile kitambaa chekundu.

“Nimeshaipokea,” alinong’ona. “Sina njia. Theluji ipo?”

Mtoto wa kike mwenye miaka sita, Waaseya, akakimbilia dirisha la nyuma. “Ipo, Nokomis! Ipo kidogo, nyuma ya banda la kuni. Chafu!”

“Chafu pia ni theluji. Bernadette, nani yuko mlangoni?”

Lorna akasema hakuna mtu, bibi, ni salama.

“Ndiyo maana nakuuliza! Hakuna mtu? Tuseme hapa na hakuna anayelinda? Nenda wewe. Ukimwona anakuja, kohoa mara moja. Usipokuwepo mimi sisemi.”

Lorna alielewa mara moja, na ilimchoma. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameisubiri hadithi hii. Chumbani humo hapakuwa na mtu mwenye masikio mazuri kuliko yake, na bibi alikuwa anamtoa nje. Angeweza kukataa. Angeweza kumtuma Dorian. Akafungua mdomo kusema hivyo, akaona bibi amekikumbatia kitambaa, macho hayatoki mlangoni.

Akatoka. Komeo likagonga nyuma yake.

Alisimama barazani bila kofia. Kwanza alisikia mnong’ono, kisha sauti, sauti kamili ya Bi Adeline wa zamani, ikipanda na kushuka. Maneno hayakupenya. Akasogea akatega sikio kwenye ubao, na ndani sauti ikakatika papo hapo. Mbao za baraza zilikuwa zimelia. Akarudi nyuma kwa vidole vya miguu, akashuka ngazi, akasimama mbali. Sauti ikaendelea.

Baridi ikamwingia kifuani. Koo likaanza kumwasha, na hofu ikampanda upya, kwa sababu kikohozi kimoja tu kingekatisha kila kitu. Aliziba mdomo na skafu mpaka machozi yakamtoka. Ndani watoto walicheka, wakanyamaza, mtu akapiga meza kwa kiganja, wakacheka tena.

Saa za mchana gari la muuguzi wa ofisi ya afya likaingia. Alikuwa anakuja kumpima bibi, kuona kama bado anaweza kuishi nyumbani. Alishuka na funguo zake zikilia kiunoni.

Lorna alimwendea mbio na kumshika mkono. “Huingii.”

“Lorna? Kuna nini? Ameanguka?”

“Hajaanguka. Huingii tu. Na zishike hizo funguo, nakuomba, zisilie.”

“Nina miadi.”

“Basi kaa garini. Ukitaka niandikie barua ya onyo, niandikie. Mlango huu leo hupiti.”

Muuguzi alimtazama Lorna: mwanamke mtu mzima asiye na kofia, midomo ya buluu, analia bila kutoa sauti. Akarudi garini. Baada ya kitambo akamletea Lorna kahawa yake mwenyewe, ikiwa imebaki nusu.

Jua lilikuwa limeshainama komeo lilipofunguliwa. Watoto walitoka wakisukumana, wana njaa. Dorian alitoka wa mwisho, uso umevimba kwa kulia.

“Nimeshika nusu, shangazi,” alisema. “Labda si nusu. Alikuwa anakwenda mbio. Nisamehe.”

Ndani, bibi alikuwa amelala kitini, mikono wazi. Kitambaa kilikuwa mezani, na tumbaku alikuwa ameitia motoni.

Tangu siku hiyo bibi hajasema neno tena. Aprili wakampeleka nyumba ya wazee mjini, mwendo wa saa nne kwa gari. Lorna huenda kila anapopata mafuta. Bibi humpokea kwa tabasamu, anakula vizuri, hashiki tena mdomo. Wauguzi wanasema ametulia. Lorna anakaa naye hapo na hajui kama afurahi.

Hadithi sasa imetawanyika kwa watu sita, na watano kati yao hawajabadilisha meno. Wawili wanakumbuka wanyama tu. Mmoja anakumbuka kwamba alipewa biskuti. Anayeonekana kuwa nayo ni Waaseya, aliyekaa miguuni pa bibi asitikisike. Mwezi Mei Lorna alimkuta anachimba udongo nje ya shule, akachuchumaa karibu yake.

“Hebu niambie, mwanangu. Mwanzo tu.”

Mtoto alimtazama kama aliyetukanwa. “Shangazi! Theluji iko wapi?”

“Kidogo tu. Sentensi moja.”

“Vyura wataingia kitandani kwako,” Waaseya alimjibu kwa Kiojibwe safi, akaendelea kuchimba. “Ngoja baridi.”

Lorna anacheka anaposimulia hayo, kicheko kisichofika mbali. “Nilitaka kumbeba nimzungushe. Papo hapo nilitaka kumtikisa hadithi idondoke. Yuko sahihi! Mtoto wa miaka sita, na yuko sahihi kuliko mimi. Lakini mpaka Novemba? Wewe unakumbuka nini cha ulipokuwa na miaka sita?”

Basi anaishi hivyo. Waaseya akipiga chafya, Lorna anauliza ana homa. Familia ikienda kuogelea ziwani, Lorna naye anakwenda, ingawa maji hayapendi. Jumapili iliyopita mtoto alianguka na baiskeli kwenye mteremko wa kanisa, na Lorna, aliyekuwa mbali, alifika kabla ya mama yake.

“Mama yake anaangalia goti, damu inatoka,” anasema. “Mimi nimeshika kichwa. Nakipapasa chote, nauliza: kinauma? Kinauma wapi? Mama yake akaniambia, Lorna, ni goti.”

Ameshaanika tumbaku yake juu ya jiko. Theluji ya kwanza ikishika atakwenda nayo nyumbani kwa Waaseya, ataiweka kwenye kiganja cha mtoto kama inavyowekwa kwenye kiganja cha mzee, na atasema ombi lake upya.

“Akiipokea,” anasema, “sitaki anitume popote. Nitakaa sakafuni hapo hapo. Na mlango nitauacha wazi, baridi iingie, aone kwamba hakuna anayekuja.”