Msusi Anayepiga Hodi Kichwani

Saa mbili asubuhi, na Mkono Mwepesi anakipangusa kioo kwa mara ya tatu. Kioo chenyewe hakina hata alama ya kidole. Anakirudisha ukutani, anasogea nyuma, anakikagua kwa kufumba jicho moja, halafu huyoo, anakiendea tena na kitambaa.

"Dada, hicho kioo utakitoboa," mtaalamu wa mitambo anamtania. Ni mwanamume mwenye mvi mbili tatu, na humu ndani wote wanamwita Fundi Waya.

"Acha kitoboke! Leo anakuja mdogo wangu."

Chumba kiko ghorofa ya pili ya hospitali ya magonjwa ya akili. Upande mmoja kuna kompyuta mbili na nyaya za kila rangi. Upande wa pili kuna vitu ambavyo mgeni hakutarajia kuvikuta: kiti cha saluni, beseni la kuoshea nywele, vibanio, na vitana vya meno mapana na membamba vimesimama kwenye kikombe. Ndiyo, Mkono Mwepesi ni msusi. Anasuka watu ili ubongo wao uchunguzwe.

Mambo yenyewe yako hivi. Watafiti wa hapa wanasikiliza umeme mdogo unaopita ndani ya ubongo, wa watu waliowahi kuugua akili na wa wale ambao hawajawahi. Mtu anavalishwa kofia laini yenye vitufe vya kunasia umeme huo, na kila kitufe sharti kiguse ngozi ya kichwa. Sasa, kwenye nywele nene, kitufe kitaigusa ngozi kupitia wapi? Zamani jibu lilikuwa moja: mtu anyolewe, na asiyetaka arudi kwao.

"Na wengi walirudi kwao," anasema daktari anayeongoza utafiti, mama mcheshi anayevaa miwani miwili kwa zamu. "Tukabaki na vipara vitupu. Halafu tunaandika kwamba tumechunguza watu! Kamati ya maadili ikatuuliza, wanawake wenu wako wapi? Nikakusanya makaratasi yangu, nikatoka."

Jioni ya siku hiyo alikwenda kusukwa, swali hilo bado linamsumbua. Msusi wake, Mkono Mwepesi huyu huyu, akamdadisi mpaka akayatoa yote. Kisha, huku mdomo umebana pini mbili, akacheka.

"Nilimwambia, daktari, mbona unaumwa na jambo dogo? Kichwa kina njia zake. Nisuke mistari, kila kitufe nikiachie njia yake, na nywele hazikatwi hata moja. Akanigeukia ghafla nusura nimchome sikio!"

Usidhani kwamba alipatia mara moja. Siku ya kwanza aliharibu, tena aliharibu kwa ufundi. Alisuka mistari iliyonyooka, akamaliza kama msusi yeyote anayejiheshimu: akapaka mafuta kila njia, kichwa kikang'aa. Kofia ikavalishwa. Vitufe vikateleza kama watoto kwenye tope, na kwenye skrini hakukuonekana ila vurugu.

"Nikakagua nyaya zote, nikabadilisha mtambo, nikazima taa za jengo zima," anasimulia Fundi Waya. "Nusu siku! Kumbe ni mafuta ya nazi."

"Sasa ningejuaje?" Mkono Mwepesi anajitetea. "Kwetu sisi kumwachilia mteja na kichwa kikavu ni aibu. Mama yangu angeniona angenichapa."

Tangu hapo kichwa kinaoshwa, kinakaushwa, hakipakwi kitu. Mafuta yanasubiri mwisho, na hapo anayamwaga kwa kisasi. Anafanya kazi hii siku tatu kwa wiki, na kichwa kimoja hapa kinamlipa sawa na vichwa vitatu vya saluni yake ya mtaani. Siku zilizobaki yuko saluni, maana wateja wa zamani hawatupwi.

Lakini kilicholeta gumzo katika jengo hili ni desturi aliyokuja nayo. Kabla hajagusa kichwa cha mtu, Mkono Mwepesi anasimama nyuma ya kiti, anamtazama mwenyewe kupitia kioo, na kusema, "Hodi."

Kisha anangoja. Mpaka mtu aseme "karibu", kitana hakishuki.

"Kichwa cha mtu ni nyumba yake," anasema. "Wewe unaingia nyumba ya watu bila hodi, umekuwa mwizi au umekuwa polisi? Na hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, shika njia yako."

Watafiti walicheka mwanzoni. Siku hizi daktari mwenyewe hagusi kofia bila hodi, na Fundi Waya amewahi kusikika akiipigia hodi kompyuta iliyogoma.

Desturi hii haikuzaliwa saluni. Ilizaliwa humu humu hospitalini, wodi ya chini, miaka kumi na miwili iliyopita.

Mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, wote wanamwita Kitinda. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipougua. Usingizi ulimkimbia, akawa anagombana na sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Familia ikamleta hapa. Siku ya pili, Mkono Mwepesi alikuja na chakula, akasimama getini kungoja wagonjwa watoke kuota jua.

"Walitoka, nikawapita wote namtafuta mdogo wangu. Nikampita na yeye! Walikuwa wamewanyoa wote, eti usafi. Mtoto niliyemsuka tangu ana meno ya maziwa, sikumjua." Anajifuta macho kwa kile kile kitambaa cha kioo. "Iliniuma. Inaniuma mpaka leo."

Wodini hakukuwa na kioo. Namna alivyobaki, Kitinda aliijua kwa mkono tu.

Alipona, akarudi nyumbani, na leo anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya dada yake. Dawa anameza kila siku bila ugomvi. Ila tangu siku ile hakuna aliyegusa nywele zake isipokuwa dada.

Sasa fikiria kishindo cha Mkono Mwepesi kuletwa kwenye utafiti huu. Nyumbani hakukuliwa kwa amani. Asubuhi kofia, jioni kofia. Naye hakuishia kusimulia. Akamwomba Kitinda aje ashiriki. Kitinda akakataa. Akamwomba tena wakiwa wanaosha vyombo. Akakataa. Akamwomba mara ya tatu, safari hii amemnunulia na kitambaa cha gauni. Kitinda akarudisha kitambaa.

Mkono Mwepesi akaenda kulalamika kwa muuguzi wa wodi, bibi mmoja mnene, mpole, ambaye kazi yake katika utafiti huu ni kuhakikisha kila anayekubali amekubali kwa moyo wake.

"Umempigia hodi ngapi mdogo wako?" muuguzi akamuuliza.

"Tatu."

"Amekuitikia?"

"Hataki kabisa, bibi! Na wanamhitaji. Watu kama yeye ndio hasa—"

"Mwanangu," muuguzi akamkata, "mwenye nyumba yumo, amekusikia, na mlango kaufunga. Unangoja nini barazani?"

Hapo Mkono Mwepesi aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Akaacha. Hakutaja kofia tena nyumbani, ingawa anakiri kwamba kunyamaza kulimpa kiungulia.

Halafu, wiki iliyopita, Kitinda akainua kichwa kutoka kwenye cherehani na kusema, "Ni ghorofa ya ngapi hicho chumba chenu?" Basi tu. Akaja mwenyewe kumwona muuguzi, dada akiwa saluni. Kanuni haimruhusu dada kuwepo wakati wa kukubali, na safari hii dada hakubishana na kanuni.

Na leo huyu hapa mlangoni. Ni mrefu, amevaa gauni la njano alilolishona mwenyewe, nywele amezifunga kwa kitambaa. Hamsalimu mtu. Anatazama kiti. Anatazama kioo. Anakitazama kioo muda mrefu.

"Karibu, mwanangu," anasema muuguzi, ambaye amepanda naye ngazi. "Nieleze tena tuliyoongea. Nieleze kama unamweleza shangazi yako asiyejua kitu."

"Shangazi," Kitinda anaanza, na pembe ya mdomo inacheza, "hii siyo dawa. Sitapona zaidi wala sitaugua zaidi. Hawasomi mawazo yangu, kwa hiyo siri zako ziko salama. Wanasikiliza umeme tu. Nikikataa, kliniki yangu inaendelea kama kawaida. Na nikisema basi, ni basi, sidaiwi sababu."

"Na bado umekubali?"

"Nimekubali."

Anaketi. Anafungua kitambaa, na nywele zinashuka mabegani. Mkono Mwepesi amesimama nyuma yake. Kichwa hiki amekisuka miaka na miaka, anakijua mpaka kovu la nyuma ya sikio, lakini leo anajipangusa viganja kwenye gauni kwanza.

"Hodi," anasema.

Kitinda anamtazama kwenye kioo. "Karibu, dada."

Kazi inaanza. Kitana kinapita, mistari inatokea, vibanio vinashika. Muda si mrefu kofia imekaa, jeli ya kupitisha umeme imetiwa chini ya vitufe, mkanda umefungwa chini ya kidevu. Fundi Waya anawasha.

Mistari inajichora kwenye skrini, laini, safi, mmoja chini ya mwingine.

"Yesu na Maria! Loo, tazameni!" ananong'ona Fundi Waya kwa sauti ambayo hata wodi ya chini wameisikia. "Tangu tuanze hatujapata kichwa kisafi hivi!" Daktari anabadilisha miwani, anairudisha ya kwanza, anacheka peke yake. Mkono Mwepesi ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Machozi yanamtoka na anaruka ruka mahali alipo kama mtoto aliyeahidiwa safari.

Zinapita dakika chache. Nusu ya kazi bado.

"Basi," anasema Kitinda.

Fundi Waya anamtazama daktari. Mkono Mwepesi anafungua mdomo. Kila aliyemo anajua anachotaka kusema: kidogo tu, mdogo wangu, mbona tunamaliza. Neno limefika kwenye meno. Analimeza, anapiga hatua na kuunyoosha mkono kwenye mkanda wa kidevu.

"Hodi," anasema. "Nikuvue?"

"Karibu."

Kofia inatoka. Fundi Waya ameshazima mtambo bila kuambiwa. Daktari anasogeza kiti, anaketi mbele ya Kitinda ili macho yao yalingane.

"Asante kwa ulichotupa," anasema. "Na hicho tulichokwisha kunasa ni chako. Tukiweke au tukifute?"

"Kifuteni."

Fundi Waya anafumba macho. Mistari ile! Lakini kidole kinakwenda, kinabonyeza, na skrini inabaki nyeusi. "Tayari," anasema, kwa uso wa mtu aliyemwaga mchuzi wa harusi.

Kitinda anainuka, anausogeza uso wake kwenye kioo. Anapitisha mkono kichwani, polepole, kutoka kwenye paji hadi kisogoni. Nywele zote zipo. Mabega yake yanaanza kutikisika, na dada anamkimbilia akidhani analia.

Halii. Anacheka, tena kicheko kile cha kushika mbavu.

"Nilikuwa nawajaribu!" anasema akijifuta macho. "Siku ile huko chini nilisema basi mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyeacha kuninyoa. Watu wanne, na mashine inaunguruma. Ugonjwa ulinichukulia usingizi, dada, lakini kichwa changu nilinyang'anywa na watu wazima wenye akili timamu. Nilitaka kujua kama neno langu limeanza kufanya kazi."

Muuguzi mnene, ambaye mwaka ule alikuwa akifanya kazi hospitali nyingine, anatafuta leso mfukoni na kuikosa.

"Wewe mtoto!" anafoka Mkono Mwepesi, analia na kucheka kwa pamoja. "Umenitoa roho! Kidogo nikuombe!"

"Nilikuona. Ulivyobana mdomo nikajua umekua." Kitinda anarudi kitini, anaketi, ananyoosha mgongo. "Haya. Nivalisheni tena. Sasa nakaa mpaka mwisho."

Fundi Waya anapiga makofi ya furaha, daktari anapiga kigelegele kisicholingana kabisa na koti lake jeupe, na mlangoni wameshajaa wahudumu wanaouliza kuna nini.

Saa moja baadaye, kofia imevuliwa na mafuta yanamwagwa bila huruma, Mkono Mwepesi anautaja mpango wake. Anataka kiti kingine kama hiki, huko chini wodini. Amri ya kunyoa wote ilishaondolewa, lakini wagonjwa bado hawana msusi wala kioo. Ameshakipata kioo cha plastiki kisichovunjika, na mkuu wa wodi amempa siku moja kwa wiki, kuanzia Jumatatu ijayo.

"Nitawasuka wote!" anasema, kitana kikikata hewa. "Wanaotaka mistari, wanaotaka mabutu, hata wanaotaka kunyoa, nitawanyoa wakijiona!"

"Na mimi nakuja," anasema Kitinda.

"Uje ufanye nini? Kusuka hujui."

Kitinda anamtazama dada yake kwenye kioo, kichwa kinang'aa.

"Wewe utapiga hodi," anasema. "Mimi nitakaa nao, niwaambie kwamba wanaruhusiwa kutoitikia."