Kichwa cha Brochet Mezani kwa Anaclet

Nilipewa kichwa cha samaki kwa heshima, mbele ya watu arobaini. Kukiinua kwenye mchuzi, nikaona ndoano yangu mwenyewe imenasa kwenye taya.

Ngojeni niwaeleze vizuri.

Ilikuwa 1996, Brussels. Nilingoja miaka miwili hadi klabu ndogo ya wavuvi kule Jette ikanipokea. Monsieur Willy, mwenyekiti, akanikabidhi ufunguo wa geti la bwawa. Sharti lao lilikuwa moja: brochet mkubwa ukimshika, unamrudisha majini.

Brochet ni samaki mrefu, mdomo wa bata, meno ya kutisha. Hahangaiki kukimbiza windo. Anasimama kimya pembeni mwa majani ya majini, au chini ya mti ulioanguka, akingoja samaki wadogo wajilete.

Mle bwawani alikuwemo jike wa karibu mita nzima. Mti wake niliujua mimi tu.

Nikamwonyesha Anaclet, rafiki yangu tangu kwetu Likasi, niliyemleta kama mgeni. Siku hiyo jike alikata uzi, akaondoka na ndoano yangu niliyoizungushia nyuzi nyekundu.

Kesho yake Anaclet akaniomba ufunguo, eti kasahau koti bwawani. Nikampa, akanirudishia jioni. Kwamba yeye ndiye wa kwanza kwenye orodha ya wanaongoja nafasi klabuni, hilo wala sikuliwaza.

Jumapili Anaclet akabatizisha mtoto wake, akatuandalia karamu kwake Koekelberg. Willy naye alialikwa.

"Papa Numbi, kichwa ni ya mukubwa," akasema Yolande, mke wa Anaclet, akiniwekea sahani.

Nikaiona ndoano. Kabla sijasema neno, Anaclet akasimama na glasi yake.

"Bon! Tumushukuru Numbi. Huyu brochet ni ye alituletea, cadeau ya mutoto!"

Makofi kwa zawadi yangu. Akarudia kwa Kifaransa, polepole, akimtazama Willy.

Willy akaitazama ndoano. Klabu nzima, nyuzi nyekundu nilifunga mimi peke yangu.

"Anaclet, unasema bongo," nikamnong'oneza, maana ulikuwa uongo mtupu.

"Vieux, mzee wangu, kula. Usiharibu fête ya mutoto."

Nikala. Mchungaji yuko pale, mtoto kavaa nyeupe, ningeanzisha ugomvi? Roho iliniuma kuliko nilivyowahi kuumia Ulaya hii.

Mlangoni Willy akanyoosha mkono. "La clé, Numbi." Nikamrudishia ufunguo.

Jumamosi nikapita nje ya uzio wa bwawa. Anaclet alikuwa ndani, kwenye mti wangu, ufunguo uliokuwa wangu unaning'inia shingoni mwake.

"Vieux! Na bengine banakaa fasi gani?"

Ananiuliza samaki wengine wanakaa wapi, hata aibu hana!

Jamani, rafiki mpe samaki ale ashibe. Mahali anapokaa samaki, baki napo mwenyewe. Mimi nilitoa vyote, nikaachwa nje.