Kokwa Zilizopakwa Hina

Asya binti Ghanim hakupata kukanyaga barafu maisha yake yote. Barafu aliyoijua ni ya friji, na yale mabonge ya kupozea samaki wanaoletwa mjini kwao Ibra kutoka pwani ya Sur. Lakini mtaani kwao, ukitaka kujua msichana wa Kizungu mwenye viatu vya chuma kazunguka mara ngapi hewani, ulimwendea yeye.

Alizaliwa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuja Omani mwaka sabini na tano na mumewe, Thabit, na mtoto wao wa miaka kumi na sita, Nadhir. Thabit akapata kazi ya kuendesha gari la maji. Asya akashona kofia. Shule hawakwenda, si yeye si mumewe. Hesabu yake ilikuwa vitobo vya kofia, na hapo hakuwa na mchezo. Kitobo kimoja kikikaa vibaya, mstari mzima unafumuliwa.

Mwaka tisini na sita Nadhir aliwaletea dishi. Thabit alitaka habari na mpira. Asya, kubonyeza bonyeza, akaangukia mashindano ya wasichana wanaocheza kwenye barafu. Basi. Akaweka kofia mapajani, hakushona tena mpaka yalipokwisha.

Sheha, mwanamke jirani yao, alikuja kunywa kahawa akawakuta wale wasichana kwenye televisheni.

"Yuu, Mama Nadhir! Mtu mzima unaangalia mapaja!"

"Mimi naangalia miguu," Asya akamjibu. "Mapaja umeyaona wewe."

Thabit alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Majaji walitoa namba zao, mwisho sita. Sita ya nini, Asya hakuambiwa na mtu, na kile Kizungu cha mtangazaji hakukijua. Akatunga sheria yake. Sahani ya tende ilikuwa mbele yake, na kokwa zake. Msichana akiruka akizunguka mara mbili, kokwa mbili. Mara tatu, kokwa tatu. Wote walitua kinyumenyume, kwa mguu mmoja. Wengi waliruka kinyumenyume vilevile, ila mruko mmoja ulianza uso mbele. Huo Asya aligundua peke yake kwamba una nusu ya ziada. Nusu aliiwekea kokwa ya kulalia, iliyolazwa kukingama zile nyingine.

Akitua kwa miguu miwili, kokwa moja inaondoka. Akigusa barafu kwa mkono, moja inaondoka. Akianguka, zote za mruko ule zinaondoka.

"Zote?" Thabit alimuuliza. "Na kuzunguka kote kule?"

"Kofia iliyoharibika unaivaa?"

Thabit akala tende, akampa kokwa yake.

Kati ya wote palikuwa na mmoja aliyempenda. Jina lake halikutamkika, kwa hiyo akamwita Mkonojuu, maana aliruka mkono mmoja ameupeleka juu. Asya alimtengea kokwa zake mwenyewe, akazipaka hina, akaziweka katika kopo la maziwa ya unga. Mwingine yeyote hakuhesabiwa kwa kokwa zile.

Mashindano makubwa yalikuwa kila Januari. Mwaka elfu mbili na mbili Mkonojuu hakuonekana. Ghadeer, binti wa Nadhir, alikuwa akisoma Nizwa na alijua mambo ya kompyuta. Akapiga simu: goti limepasuliwa.

"Atarudi," Asya akasema.

Mwaka wa pili wake hakurudi. Kopo halikufunguliwa. Na Asya mwenyewe alikuwa ameshaanza kuumwa moyo. Alitoka chumbani kwa kushika ukuta. Daktari alimkataza chumvi, ngazi na hasira. Asya alimwambia Thabit, "Nipe uhai nimuone mtoto yule anaruka tena, baadaye Mungu afanye apendavyo."

"Uhai huombi kwangu," Thabit akamwambia.

"Najua. Wewe nakuomba dishi tu."

Maana dishi lilikuwa na shida yake. Upepo ukivuma linasogea, na picha inapotea. Thabit alipanda juu ya paa, akalizungusha kidogo kidogo, huku akipiga kelele, "Imekuja?" Asya alijibu kutoka ndani, "Bado! Bado! Hapo hapo, usiguse!" Nyumba zote za mtaa ziliishi hivyo.

Siku moja alimfanyia mzaha. Picha ilikuwa safi, yeye akawa anasema "Bado!" Mume yuko juani, mke anaangalia barafu raha mustarehe. Hata mashindano yalipokwisha ndipo akaita, "Hapo hapo!" Thabit alishuka fulana imelowa jasho.

"Kwa nini lakini?"

"Ukikaa hapa unanisemesha."

Kisa hicho walikicheka miaka.

Januari ya elfu mbili na nne Ghadeer alipiga simu kwamba Mkonojuu yumo katika orodha. Asya alishinda siku tatu akitabasamu. Siku yenyewe, alfajiri, upepo ukavuma kutoka jangwani. Saa kumi, baada ya swala ya alasiri, televisheni ikawa mchanga mtupu.

Thabit akapanda.

"Imekuja?"

"Bado!"

Akasogeza kwa upana wa kidole.

"Imekuja?"

"Bado, baba!"

Akasogeza tena. Pampu ya maji ya jirani ikawashwa, ikaanza kunguruma.

"Imekuja? Mama Nadhir, imekuja?"

Kimya. Akauliza mara ya nne, mara ya tano. Kisha akacheka. Akasema, kanianza tena huyu. Akaliachia dishi, akakaa kwenye ukingo wa paa, miguu ananing'iniza kama mtoto. Akapiga kelele, "Haya! Leo sishuki mpaka uniite!"

Akakaa. Akawatazama njiwa. Alikaa muda wa mtu kunywa vikombe vitatu vya kahawa.

Aliposhuka, picha ilikuwa safi kabisa. Asya ameegemea mto, sindano ina uzi, kofia iko mapajani. Kwenye sahani palikuwa na kokwa tatu.

Hazikuwa na hina.

Msiba wa Asya ulikaliwa siku tatu. Watu walikuja kutoka Fanja, na kutoka Dima wa Tayyin. Wakala, wakamsomea, wakaondoka. Thabit hakumwambia mtu kwamba alikaa juu ya paa. Aliulizwa, "Ulikuwapo?" akajibu, "Nilikuwapo." Mwaka mzima neno hilo lilimrudia. Aliwaza: huenda aliniita. Huenda picha ilikuja, akaona wawili watatu, akafa akimngoja Mkonojuu wake, na mimi niko juu nacheza. Dishi hakuligusa tena. Likazungushwa na upepo lilivyotaka.

Januari iliyofuata Ghadeer akaja kutoka Nizwa.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba."

"Babu, leo Mkonojuu anacheza. Kweli kweli. Jana ameingia uwanjani kwa mazoezi, nimeona kwenye kompyuta."

Ghadeer akapanda mwenyewe juu.

"Imekuja, Babu?"

Thabit akaisogelea televisheni. "Bado," akasema. Kisha, "Hapo hapo."

Wakakaa. Thabit akaleta sahani na lile kopo. Kifuniko kimeganda, hakifunguki. Hapo ndipo aliposema.

"Siku ile nilikaa juu. Nilidhani ananifanyia mzaha. Kafa anamngoja mtoto yule, na mimi sikushuka."

Ghadeer akamtazama, macho yakajaa.

"Mwaka ule hakucheza, Babu. Goti. Alijitoa asubuhi ileile. Mimi nilijua. Nilishika simu niwaambie, nikaogopa moyo wa Bibi. Sikupiga."

Thabit akakifungua kifuniko. Kwa hiyo barafuni hapakuwa na kitu cha kukosa. Lakini juu ya paa alikaa. Hilo halikubadilika.

"Hukukosea," akamwambia mjukuu wake.

Mkonojuu akaingia barafuni. Alikuwa mwanamke sasa, si msichana, na goti amelifunga kitambaa rangi ya ngozi. Akaruka mruko wa kwanza, mizunguko mitatu, akatua. Thabit akaweka kokwa tatu za hina. Akaruka wa pili, uso mbele, mkono juu. Thabit akahesabu kwa midomo. Mbili na nusu. Mkonojuu akaanguka.

Mwanamke yule akainuka, akaendelea.

Thabit alikuwa ameshaziweka kokwa zake. Akanyoosha mkono kuziondoa, kama sheria ya mwenye sahani ilivyosema.

"Hapana, Babu," Ghadeer akasema. "Ile sita ya majaji imekwisha. Sasa sheria mpya. Kila mruko una bei yake. Kama mtu amemaliza kuzunguka halafu ameanguka, kuzunguka kwake kunahesabiwa. Wanampunguza, lakini hawafuti."

"Hawafuti?"

"Hawafuti."

Thabit akaziangalia kokwa mbili, na ile ya kulalia. Mkono wake ulikuwa bado hewani. Akaurudisha mapajani.

Mashindano yakaisha. Ghadeer akataka kutoa sahani akaioshe.

"Iache kwanza," Thabit akasema.

Akausogeza mto wa Asya ukutani, pale ulipokuwa siku zote, akaiweka sahani mbele yake.