Tanuri Lisilopewa Muda wa Kupoa

Wenzake kazini walimwita Mama Deki, naye aliitika, maana jina lake hakuna aliyewahi kumuuliza. Alisafisha chumba cha tanuri pale chuoni, kazi aliyotafutiwa na mdogo wake wa kiume, mwanafunzi wa utafiti hapo hapo. Kijana huyo alilelewa na dada yake kwa kufua nguo za watu, yeye asisome ili kijana asome.

Mdogo mtu ndiye aliyemweleza kinachopikwa mle. Kigae cheusi hupakwa dhahabu kiduchu, kikaingizwa kwenye bomba la kioo ndani ya tanuri. Kikipata moto, dhahabu hujikusanya vitone vitone, na chini ya kila kitone huota uzi mwembamba kuliko unywele, wa kutengenezea vifaa vya umeme. Moto ukizidi, vitone huungana na nyuzi hutoka nene. Ukipungua, hauoti hata mmoja. Mwisho tanuri huachwa lipoe lenyewe, hewa isiingie.

“Kama mtoto, dada,” alimwambia akicheka. “Ukimharakisha, umemharibu.”

Ijumaa moja kijana alikuwa anangojwa kwa wakwe zake. Mama Deki, ndoo mkononi, alimwona akitazama saa, akavaa glavu, akalifungua bomba lingali jekundu.

“Si ulisema lipoe?”

“Wewe piga deki, dada.”

Jumatatu hadubini ilionyesha nyuzi zimepinda na kushikana kama nywele zisizojua kitana. Profesa aliuliza, Mama Deki naye akiwapo, nani aliligusa tanuri. Kijana akajibu, macho sakafuni, kwamba labda mtu wa usafi alichomoa umeme.

Mama Deki alingoja ainue uso. Hakuinua. Akisema kweli, kijana anafukuzwa masomo. Akinyamaza, kazi yake ndiyo imekwenda. Akamtazama alivyojikunyata, vile vile alivyojikunyata utotoni kila alipovunja kikombe na dada mtu akachapwa badala yake.

“Ni mimi,” akasema.

Kijana alimkimbilia hadi kwenye korido, akaanza kunong’ona kwamba atamtafutia kazi nyingine, nzuri zaidi.

“Usinitafutie,” alisema Mama Deki. “Na wakwe zako wakikuuliza nani alikulea, waambie uliota mwenyewe.”

Akamwaga maji machafu, akaifudikiza ndoo chini ya sinki kama kawaida yake. Nyuma ya mlango walikuwa wameshaliwasha tanuri upya.