Chumba Nilichojenga Juu ya Shimo

Mwaka 1969 nilikuwa na miaka tisa, na hapo ndipo taabu iliponianza. Askari walichoma kijiji chetu karibu na Juba, baba hakutoka ndani ya nyumba, mama akanishika mkono tukatembea mpaka Uganda. Shule nilisoma madarasa mawili tu. Kiswahili nilikiokota sokoni na kwenye maegesho ya malori, na kuandika nimejifunza nikiwa mtu mzima. Anayetaka maneno mazuri aende kwa wenye vyeti. Mimi naeleza kilichonipata.

Ninachoeleza ni woga. Hapa Gurei, mtaani kwetu Juba, watu wananijua kuwa mwanamke asiyeogopa. Nimegonga kokoto pale kwenye kilima cha Jebel miaka kumi na moja, nikiuzia wenye malori, na hakuna dereva aliyenipunja mara mbili. Nyumba yangu hakunijengea ndugu wala shirika. Lakini mwaka juzi, wakati wa mvua, niliogopa mpaka nikashindwa kumeza ugali, na niliyekuwa namwogopa ni mimi mwenyewe, kwa kitu nilichofanya.

Nilirudi Juba mwaka 2007 na mume mgonjwa na mtoto mmoja wa kiume. Kiwanja tulipata, matofali hatukuwa nayo. Basi nikafanya wanavyofanya wengi hapa: nikachimba udongo kwenye kona ya kiwanja changu, karibu na uzio, nikafyatua matofali, nikayachoma, nikajenga vyumba viwili. Shimo lililobaki lilinifika mabegani. Mvua ilipokuja likajaa maji, mbuzi wa jirani akafia mle, na jirani akaniambia mbele ya watu kwamba mwaka ujao atakufa mtoto. Nikawaambia wote, leteni takataka zenu. Wakaleta. Chupa za plastiki, majivu, viatu, mifupa, hata godoro moja lililooza. Likajaa. Juu nikamwaga maramu, ule udongo mwekundu wa barabara, nikaikanyaga kwa miguu, nikafagia. Mgeni akija asingejua kulikuwa na kitu.

Mume wangu alipofariki tulimzika upande wa pili, palipoinuka, penye udongo mgumu. Kwetu watu wanazikwa nyumbani, na juu ya kaburi hapajengwi. Kwa hiyo mwanangu alipotaka kuoa na chumba chake kikahitajika, ilibaki kona moja tu. Ile.

Fundi alikuwa mtu wa Arua kule Uganda, mwembamba, mpole. Aliuliza vizuri kabisa: "Mama, hapa chini iko nini?" Nikamjibu, "Udongo mgumu. Chimba tu." Nilijua angesema tufukue mpaka chini. Kufukua ni kutoa uchafu wa mtaa mzima mbele ya macho ya mtaa mzima, na harusi ilikuwa imekaribia, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwacheka wanaojenga ovyo kule mtaa wa Mangateen. Akachimba mpaka magotini, jembe bado linagonga maramu niliyoikanyaga, akaridhika.

Mvua za kwanza hakikutokea kitu. Mvua za pili nikaona ufa.

Ulianzia kwenye pembe ya dirisha, mwembamba, kama mstari wa kalamu. Nikasema ni plasta. Plasta ikikauka haraka hupasuka juu juu, vijiufa vingi vidogo visivyokwenda popote. Huu ulikuwa na safari. Uliteremka kwa ngazi, ukifuata maungio ya matofali, hatua kwa hatua kuelekea kwenye kona. Juu ulikuwa mpana kuliko chini. Mlango wa chuma ukaanza kukwaruza sakafu. Nikamwaga maji sakafuni kama ninayeosha, yakakimbilia kona ileile yote. Mwenye kuona hayo matatu pamoja asijidanganye, si plasta. Ni msingi unaoshuka.

Mimi nilijidanganya. Nikaziba kwa simenti, nikapaka chokaa. Baada ya wiki mbili ukarudi palepale. Kule Uganda niliwahi kuwaona mafundi wakibandika kipande cha kioo juu ya ufa, wakikishika kwa simenti huku na huku. Kioo kikivunjika, nyumba inatembea. Nikabandika changu wakati mwanangu na mkewe wako kanisani. Jumapili ya pili nikakikuta kimekatika katikati. Nikatundika kalenda ya kanisa juu yake. Kila nilipoingia mle nilitazama kalenda, na mke wa mwanangu akadhani nahesabu miezi ya mimba yake.

Akajifungua mtoto wa kike. Mwanangu ni dereva wa lori, alikuwa njiani kuja kutoka Nimule mpakani na barabara imekatika. Mama wa mke wa mwanangu, yaani mkwe wangu, akaja kukaa na binti yake, maana kwetu mzazi na mtoto hukaa ndani: mtoto wa kiume siku tatu, wa kike siku nne, ndipo hutolewa nje na kupewa jina. Wakakaa katika chumba kile. Nilitaka kusema, walale kwangu. Lakini ningetoa sababu gani? Kitanda chao, chumba chao. Na mkwe kwetu ni mtu wa heshima kubwa. Hata chakula sili mbele yake. Nitamwambiaje kwamba nimemlaza binti yake juu ya jaa?

Siku ya pili, saa tisa alasiri, mvua ikashuka. Ile ya Juba isiyo na huruma, mpaka matone hayasikiki moja moja juu ya mabati. Nilikuwa jikoni. Nikaona maji ya paa yamekusanyika chini ya ukuta wa kona ile, na hayakutandaa. Yalizunguka kidogo, yakazama. Yakaja mengine, yakazama. Nikajua yanaingia wapi.

Nikakimbia, nikausukuma mlango kwa bega, nikaingia, upepo ukaufunga nyuma yangu kwa kishindo.

"Mkwe wangu," nikasema, "hawa watoke humu. Sasa hivi."

Alikuwa ameketi kitandani miguuni pa binti yake, anakunja nepi. "Watoke waende wapi? Leo ni ya pili. Au huko kwenu mtoto wa kike ana siku mbili?"

"Mvua hii ni kubwa."

"Mvua imeanza leo Juba?"

Binti akacheka, mtoto kifuani. "Mama anaogopa mvua? Si ndiye aliyemfukuza mwizi na nyundo ya kokoto?"

Wakacheka wote wawili. Nikasikia sauti ukutani, ndogo, kama mtu anavunja biskuti. Wao hawakuisikia. Nikaenda nikang'oa kalenda.

Kidole changu kizima kiliingia kwenye ufa. Mwanga wa nje ulionekana.

Mkwe akasimama. "Hii ni nini?"

"Ufa."

"Nina macho. Nauliza ulianza lini."

"Toka mvua zilipoanza."

"Na ukatundika kalenda." Alisema polepole. "Na binti yangu ukamwacha alale hapa."

Hapo ndipo niliposema, kwa mara ya kwanza tangu nijenge. "Chumba kiko juu ya shimo. Nililichimba mimi. Nikalijaza takataka. Fundi aliniuliza, nikamdanganya."

Akapaza sauti juu ya mvua: "Wewe! Wewe unayeitangazia Gurei nzima kwamba nyumba yako hakugusa mtu! Kumbe chini umetuwekea jaa!"

"Nitukane tukiwa nje," nikamwambia. "Tafadhali, mkwe. Nitukane nje."

Akavuta shuka mbili. Yule mama ana akili. Akasema mtoto akifunikwa asione jua wala mbingu, basi hajatoka, amehamishwa tu kama mzigo. Akamfunika binti na mtoto pamoja, mpaka ukaona miguu tu. Mimi nikashika mlango.

Haukufunguka.

Fremu ilikuwa imeshuka, na chuma kimebanwa juu na chini. Dirisha lina nondo. Niliziweka mwenyewe, nene, kwa ajili ya wezi. Nikavuta kwa mikono miwili. Nikaweka mguu ukutani nivute, mkwe akapiga kelele: "Si ukuta huo! Si ukuta!" Nikautoa mguu. Jasho lilinitoka mpaka viganja vikawa vinateleza. Nimewahi kukimbia risasi mara tatu katika maisha yangu, na nasema kweli, mara zote tatu miguu yangu ilikuwa na mahali pa kwenda. Hapa nilikuwa nimefungiwa na kazi ya mikono yangu, pamoja na mtoto wa siku mbili.

Yule binti, mwenye siku mbili tangu kuzaa, akampa mama yake mtoto ndani ya shuka, akaja akashika komeo pamoja nami. "Mama, vuta ukiinua," akasema. "Mimi huinua kila siku." Kila siku! Alikuwa akipambana na mlango ule kila siku, na hakuniambia asije akaonekana analalamikia chumba cha mama mkwe. Tukainua, tukavuta. Ukalia, ukafunguka nafasi ya mtu kupita ubavu.

Nikawapeleka kwangu. Nikasimama mvuani kuutazama ukuta, nikingoja uanguke.

Haukuanguka. Asubuhi jua lilitoka, chumba kimesimama pale, na mkwe ananitazama. "Mbona kiko?" Nilitamani kianguke, aibu yangu ipate ushahidi. Hiyo nayo ni dhambi, naiandika.

Nikampigia simu fundi yuleyule wa Arua. Alikuja kwa bodaboda kutoka soko la Konyo Konyo, akachimba kando ya kona mpaka mwisho wa msingi, akalala kifudifudi, akaingiza mkono chini yake. Mkono ukaingia wote, mpaka kwapa. Akatoa kandambili.

"Mama. Siku ile mimi nauliza hapa iko nini. Wewe nasema udongo ngumu."

"Nilisema."

"Sasa hii ni udongo gani?"

"Kandambili."

"Ya kushoto," akasema, akaiweka juu ya tofali. "Sasa tafuta ya kulia. Hii nyumba inasimama kwa sababu imezoea tu, mama. Haina kitu chini."

Nilitaka afukue upande wote kwa siku moja, tumalize. Akakataa. Alisema ukiufukua msingi wote kwa pamoja unauondolea miguu, unakuja juu yako. Kwanza akageuza maji ya paa yaende mbali. Kisha akaegemeza ukuta kwa miti minene ya mkaratusi. Kisha akachimba kipande kimoja, urefu wa hatua moja, mpaka chini kabisa ya shimo langu, palipo udongo ambao haujaguswa. Akajaza mawe na zege mpaka likabana chini ya msingi. Akaruka hatua mbili, akachimba kipande kingine. Cha katikati hakugusa mpaka vile vya kwanza vikakauka. Kazi ya wiki tano. Chupa zilizotoka mle zilijaza mkokoteni mara tatu, na majirani walisimama kutazama uchafu wao ukirudi. Nilikaa hapo hapo wanione.

Kokoto zote nilizigonga mimi. Nilikuwa nampa karai moja moja, naye yuko chini ya ukuta, naona nyayo zake tu. Kila udongo ulipomwagika kidogo nilimwita. "Fundi!" "Niko, mama." Baada ya muda, "Fundi!" "Mama, ukiniita tena nitakufa kwa kuitwa." Usiku wa wiki hizo sikulala vizuri hata mmoja.

Mwisho akashona ufa wenyewe: akakata mifereji kwenye maungio, akalaza vyuma, akajaza simenti, akapiga plasta mpya. Akabandika kioo kipya. Kisha akaniambia ningoje mvua.

Mwanangu alirudi, akasikiliza yote, akaenda kuitazama kona ile. Aliporudi akasema, "Ungeniambia tu, mama." Heri angenitukana.

Mkewe alikataa kurudi katika chumba kile, na mama yake akaja kunieleza kwa adabu, amesimama mlangoni, hakutaka kiti. "Mkwe, msimu mzima wa mvua ulale mle wewe. Kisha tutazungumza."

Nikahamia. Mvua za mwaka jana nimezilala mle zote, kila tone likigonga mabati nikihesabu pumzi zangu. Kioo hakikukatika. Msimu ulipokwisha nilimwambia mkwe wangu aje aone. Alikuja, akapitisha mkono ukutani kuanzia dirishani mpaka kwenye kona, akafungua mlango na kuufunga mara nne. Akasema, "Ni kizuri. Endelea kulala humo." Basi nikaendelea.

Leo hii nina kiwanja kimoja Gurei, karatasi yake iko. Nyumba ya vyumba viwili, anakaa mwanangu na mkewe na mtoto. Chumba cha kona, nakaa mimi. Jiko la nje la mabati. Tangi moja la maji. Mbuzi sita, mmoja ana mimba. Nyundo mbili za kokoto. Kitanda, godoro, masanduku mawili, redio. Simu moja, kioo chake kizima, kama kile cha ukutani.