Khanga Katikati ya Gari

Baba alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Upasuaji ulikuwa umepangwa wiki iliyofuata, na alikuwa ameukubali kwa sharti moja: kwanza apelekwe Isongole, mahali inapoanzia njia ya kupanda Mlima Rungwe, akaione miti ya paini aliyoipanda alipokuwa kibarua wa msitu.

"Wakikosea nitabaki gizani," alisema. "Basi nibaki gizani nikiwa nimeiona."

Safari yenyewe si ndefu. Kutoka Ilomba, tunakoishi, unakwenda Uyole, unaacha barabara kuu, unapanda kwa njia ya Tukuyu, kisha unakata kushoto kuingia msituni. Shida ilikuwa dereva. Mkono wangu wa kulia ulikuwa kwenye plasta, kwa kuwa nilianguka nikiziba paa la banda la kuku, na mtu mwingine anayeendesha nyumbani kwetu ni mke wangu.

Kwetu Wanyakyusa, kwa desturi ya zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawasemezani, hawakai chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Wengi siku hizi wameliacha jambo hili. Baba hajaliacha, na ndiyo maana hata safari hii alikuwa amefikia kwa dada yangu, si kwetu. Mke wangu ni Mhehe wa Iringa. Alifundishwa na shangazi zangu siku chache kabla ya harusi, na amelishika vizuri kuliko dada zangu wenyewe. Niliwahi kumuuliza kama linamchosha.

"Mzee akijua niko karibu, anakohoa kwanza ndipo apite," alinijibu. "Nani mwingine ananiheshimu hivyo?"

Nilipomweleza baba nani ataendesha, alikuwa na pingamizi moja.

"Gari lina paa," akasema.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu. Yeye ndiye aliyepata ufumbuzi. Alichukua khanga, akaitandaza kutoka mlango hadi mlango nyuma ya viti vya mbele, akaifunga ikakaza. Kioo cha kati akakigeuza kikatazama juu. Asubuhi baba alipoletwa, yeye alikuwa ameshaketi kwenye usukani, kichwa amejifunika, anatazama mbele. Baba aliipapasa khanga, akaivuta kupima.

"Hizi ni nyumba mbili," akasema, akapanda.

Uyole tulisimamishwa na askari wa barabarani. Aliinama, akaiona khanga.

"Huko nyuma kuna mgonjwa?"

"Hapana, afande," nikasema. "Dereva ni mkamwana. Nyuma yuko baba mkwe wake."

Alimtazama mke wangu, akaitazama khanga tena, akaanza kucheka. "Ugonile, tata!" akamsalimia baba kwa Kinyakyusa kupitia dirisha la nyuma, kisha akatugeukia. "Piteni, piteni. Mimi na mke wangu tumehama mtaa wa baba kwa ajili hiyo hiyo."

Njia nzima ya kupanda nilikuwa mkalimani wa watu wawili wanaojua Kiswahili.

"Mwambie dereva kuna kona kali mbele."

"Mwambie Baba nimeiona," mke wangu alininong'oneza.

Msituni mvua ilikuwa imenyesha, na malori ya magogo yalikuwa yamechimba mifereji. Kwenye mwinuko mmoja gari liliteleza likasogea kushoto, ukingoni mwa shimo. Nilishuka nikasukuma kwa bega, na kutoka nyuma ya gari nikapiga kelele za maelekezo ambazo injini ilizimeza. Mke wangu hakuwa akiona upande wa shimo. Baba alikuwa upande huo, kichwa nje ya dirisha, jicho lake lenye nafuu karibu liguse tairi.

Ndipo nikamsikia akisema kwa sauti kubwa, bila kumtaja mtu: "Wewe gari, usikate kushoto. Rudi nyuma taratibu. Hapo. Sasa nyoosha, panda."

Gari likarudi nyuma taratibu. Likanyooka, likapanda.

"Gari hili linasikia," akasema baba nilipoingia. Mabega ya mke wangu yalikuwa yanatikisika kwa kicheko alichokizuia.

Njia ya mlima inaanzia mwisho wa barabara hiyo, penye uwazi mdogo. Mke wangu alishuka bila kugeuka, akapanda njia mpaka penye kona, akatupisha. Nilimshika baba mkono. Aligusa miti ya kwanza, akatikisa kichwa.

"Hii michanga. Yangu walishakata."

Lakini aliendelea kupapasa mbele, mpaka kwenye mstari wa mpaka wa shamba, ambao huachwa bila kukatwa. Hapo magome yalikuwa manene. Akainua uso juu, akakaa hivyo muda mrefu.

"Naiona," akasema. "Si vizuri. Ni weusi mrefu, na juu yake mwanga. Lakini naiona." Halafu akauliza: "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Aliyetuleta."

"Kwenye kona, anatupisha."

"Sasa atarudi nyumbani ameona tope tu. Mwite. Mwoneshe mstari huu wote, mpaka unapoanza msitu wa asili. Mwambie aliupanda babu wa wanawe. Mimi nitawapa mgongo."

Akaketi juu ya gogo, akageukia bondeni. Nilimwita mke wangu, nikamweleza ujumbe neno kwa neno. Alikuja mpaka penye mti wa kwanza, akasimama. Hakutazama mti. Alimtazama baba, ambaye sasa angeweza kumtazama kwa muda wowote autakao: koti lake, kofia, mikono iliyotulia juu ya fimbo.

"Kumbe mabega yake ni kama yako," akaninong'oneza. Kisha tukaanza kuufuata mstari.