Ya Kunywa ao ya Muhogo?

Ukungu bado umelilalia Ziwa Tanganyika, na foleni ya wanawake wenye bidoni, madumu ya kuchotea, imeshafika ukingoni mwa maji. Séraphine Kalala, kikwembe kiunoni, ameshika bomba la sindano lenye dawa ya kutakasa maji dhidi ya kipindupindu. Kabla ya kutia dawa, anamuuliza kila mmoja swali lilelile.

"Ya kunywa ao ya muhogo?"

Anayejibu ya kunywa hutiliwa dawa. Wa muhogo hupita hivihivi, tena kwa tabasamu. Mgeni anayesimama hapa Kalemie hana budi kujiuliza: muhogo na kipindupindu wapi na wapi?

Séraphine anacheka kidogo. Swali hilo, anasema, lilimgharimu msimu mzima wa mvua.

Alipoletwa kwenye ufuo huu kutoka mtaa mwingine, hakumjua mtu. Alijituma kupita kiasi: kila bidoni iliyokatiza mbele yake ilipata dawa. Punde wanawake wakaanza kumkwepa. Walimsalimia kwa adabu zote, kisha wakazunguka nyuma ya mawe kuchota huko.

Kipindupindu nacho hakikungoja watu wapatane. Watoto walibebwa mgongoni kupelekwa kwenye matibabu, na mtoto wa mwisho wa Papa Edmond, mvuvi, hakurudi.

Séraphine alikwenda matangani bila koti lake la kazi. Hakuhubiri chochote. Alikaa jikoni na wanawake wa ufuo, akamenya muhogo mchana kutwa, akalia walipolia. Hapo ndipo Mama Florentine, jirani wa wafiwa aliyekuwa akisimamia vyungu, alipomsogelea.

"Mama Séraphine, dawa yako njo iliharibu muhogo yetu. Tuliloweka, ikakataa kulainika. Sasa kama inaua muhogo, tumbo ya mutoto itaiacha?"

Ufuo mzima ulikuwa ukiijua habari hiyo isipokuwa yeye. Muhogo hulowekwa hadi uchachuke ndipo uanikwe na kutwangwa unga, na dawa inayoua vijidudu vya ugonjwa huuzuia usichachuke. Wanawake walikuwa wameona kweli kwa macho yao. Kosa lilikuwa la Séraphine, ambaye hakuwahi kuuliza maji yanakwenda kufanya kazi gani.

"Hawakuniambia juu sikukuwa muntu wao," anasema. "Ukweli, unaiambia tu muntu mwenye mulilia naye."

Kuanzia hapo walipita nyumba kwa nyumba, Mama Florentine mbele, yeye nyuma. Kila mama alifunga kipande cha kikwembe kwenye bidoni ya kunywa, ile ya muhogo ikaachwa wazi. Foleni ikarudi. Mvua zilizofuata ziliwaleta wagonjwa, lakini ufuo huu haukuzika mtoto.

Mtoto wa Papa Edmond bado anamuuma. Kila anapompita baba huyo akitengeneza nyavu, anatamani angekaa jikoni na wale wanawake mapema zaidi.

Sasa anahamishiwa ufuo mwingine, kusini mwa mji, ambako watu wanamkimbia mtia dawa wao na kipindupindu kimeanza. Posho ni ileile, haitoshi hata minerval, ada ya shule ya wanawe. Mama Florentine, mwenye dada aliyeolewa huko, ameahidi kumsindikiza.

Je, ataanzia wapi? Séraphine anaifunga bidoni ya mwisho, anapangusa mikono.

"Dawa itakuja," anasema. "Lakini siku ya kwanza nitabeba kisu ya kumenya muhogo."